Swali la Mapacha

Seline Aloo hana mazoea ya kumuuliza mtu anataka nini. Humuuliza ataacha nini. Tabia hiyo aliitoa Sondu, kwenye soko la mpakani ambako mama yake aliuza viazi vitamu, Waluo wakija kutoka upande huu wa mto na Wakipsigis upande ule, na katikati yao kelele ambazo mgeni huziona ugomvi kumbe ni biashara inayokwenda vizuri. Mtu akisema anataka gunia zima kwa bei ya nusu, mama hakubishana naye. Alimwambia, "Sawa. Basi niachie yale makubwa." Mnunuzi akiyatazama yale makubwa, akihisi yanamponyoka, bei ilipanda yenyewe.

Leo Seline ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani na makoti mawili anayoyavaa kwa zamu. Kazi yake ukimweleza mtu wa Sondu atadhani unamchezea. Yeye ni mratibu wa kikundi cha watafiti wenye ofisi ghorofani huko Milimani, Kisumu. Wanachunguza mifumo ya kompyuta, ile mikubwa kupita kiasi, ambayo hakuna binadamu anayeweza kukuonyesha inapoanzia na inapoishia. Seline haijengi mifumo hiyo wala haitengenezi. Anapanga maswali: lipi litafitiwe kwanza, lipi lingoje, lipi litupwe.

"Unaamka asubuhi, unaoga, unaenda kupanga maswali?" shangazi yake alimuuliza siku moja.

"Ndiyo, shangazi."

"Na majibu?"

"Majibu yana watu wake."

Shangazi alitikisa kichwa, akasema bora hata angefuga kuku.

Lakini chukua mama yeyote anayeuza samaki pale Dunga. Asubuhi samaki wake wanapimwa ufukweni, karani anaingiza kilo kwenye simu. Malipo yanapita kwenye simu nyingine. Mchana mtoto ana homa, anampeleka kliniki, kompyuta ya kliniki inaandika majina. Jioni stima inakatika, ananunua tokeni. Shemeji yake yuko Muhoroni, miwa yake imepita kwenye mizani ya kiwandani, na mizani nayo ina kompyuta yake. Kila kimoja kilijengwa na watu wake, mwaka wake, kwa haraka yake. Kisha, kwa kuwa hakuna mtu apendaye kuandika kitu kilekile mara mbili, watu wakaanza kuviunganisha, hiki na kile, kile na kingine, mpaka ukanda wote wa ziwa ukawa umekaa juu ya kitu kimoja kikubwa kisicho na mwenyewe.

Wataalamu wageni wakija hupendekeza kizimwe kijengwe upya. Seline huwajibu kwa upole usio na sukari. "Ni kama soko. Huwezi kulifunga miaka miwili ulijenge. Watu watahamia barabarani, na ukimaliza kujenga utakuta soko ni lile la barabarani."

Hilo hakulisoma chuoni. Alilijua kabla, alipokuwa kijana anayeuza misumari na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi la mzee Sadrudin, mjini. Mzee alinunua kompyuta, akamkabidhi Seline kwa sababu ndiye pekee dukani ambaye hakuiogopa. Punde Seline akagundua jambo la kumnyima usingizi: mabati ya kwenye kompyuta hayakulingana na ya stoo, na ya stoo hayakulingana na yale ambayo mzee mwenyewe aliyataja bila kutazama popote. Akashinda siku kadhaa akimsaka mwongo. Mwishowe akaenda kwa mzee.

"Binti," Sadrudin alisema, "hakuna anayedanganya. Kompyuta inajua nilichonunua. Stoo inajua kilichobaki. Mimi najua nilichomwahidi mtu."

Wengine wangelicheka. Seline alilibeba. Akalibeba hadi kwenye diploma, na baadaye hadi Bondo alikosomea shahada siku za mwisho wa wiki, huku akijilisha kwa kununua simu zilizokufa na kuziuza zikiwa hai. Hakuna aliyemshika mkono. Hakuna mjomba serikalini. Alipanda kama apandavyo mfanyabiashara mzuri, kwa kujua kila mara nani anahitaji kitu gani ambacho yeye anacho.

Si mtu mtamu, tusidanganyane. Hasifu kazi ya mtu mpaka iishe. Chaja yake haazimi. Ukimsalimu kwa urefu atakuitikia kwa ufupi. Lakini waliofanya naye kazi wanajua kwamba akishaingia chumbani, watu waliokuwa wanavutana hutoka wakiwa wameshika kitu.

Ijumaa moja mwaka huu, uwezo wake huo uliwekwa kwenye mizani.

Mpango mkubwa wa utafiti wa taifa ulikuwa unaanza, wa miaka mitano. Makao yake Nairobi, chini ya Bi. Wakhungu, mwanamke mwenye adabu na mwenye haraka. Kila kanda ilitakiwa kuleta maswali matatu, yakiwa yamepangwa kwa uzito, yakiwa na sahihi za wakuu wote wa mifumo ya kanda hiyo. Mwisho ulikuwa Ijumaa jioni. Kanda ambayo haingekubaliana ingetumia maswali yaliyokwisha kuandikwa Nairobi, na watu wake wangekusanya data za kuyajibu.

"Msijali," Bi. Wakhungu alikuwa amesema kwenye simu. "Kazi hamtakosa."

Seline alielewa alichoambiwa. Kazi hawatakosa, maswali watakosa. Kwa maoni yake mtu anayeletewa maswali ni karani tu, hata akiwa na shahada ukutani kama picha za ukoo. Watauliza juu ya ziwa watu wasiolijua, na watu wa ziwa wataenda na simu zao kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Miaka mitano. Hilo hakulitaka, na hakuona haya kulisema.

Ubishi ulikuwa umeanza majuma mengi kabla, maswali yakiwa lukuki. Seline aliyapunguza kwa kanuni moja: ukileta swali, uje na jingine utakaloliacha, tena liwe lako, si la jirani. Wakuu walinung'unika. Kisha kila mmoja akaanza kugundua kwamba maswali yake mengine hayampendezi hata yeye. Kufikia Ijumaa asubuhi mambo yalikuwa yamesimama hivi. Nangila, mama wa makamo anayesimamia rekodi za samaki kwenye fukwe, alikuwa amepitisha lake: mfumo usiozimwa kamwe unabadilishwaje watu wakiendelea kuutumia? Seline mwenyewe alikuwa amepitisha lake, alilolilea tangu duka la Sadrudin: kitu kikiharibika katikati ya mifumo miwili yenye wenyewe tofauti, nani anaitwa? Nafasi moja ilibaki, na wanaume wawili waliisimamia kila mmoja na mguu wake.

Wa kwanza alikuwa Kartik, mhandisi, mtoto wa familia ya viwanda, mzaliwa wa Kisumu anayeongea Dholuo, lugha ya Waluo, vizuri kuliko watoto wengi wa Milimani. Alisimamia mifumo ya viwanda vya sukari na samaki. Alitaka rejista moja ya watu kwa ukanda wote: mtu mmoja, rekodi moja. Wa pili alikuwa Gordon Owiti, mkuu wa rekodi katika hospitali moja ya mjini, mtu mnene wa mzaha mwingi. Alitaka kinyume chake: kila mfumo uachwe na majina yake, na utafiti uchunguze namna ya kuulinda usiingiliwe.

Baada ya chakula cha mchana Kartik aliomba aonyeshe programu yake kwanza. Wote walikuwa wameridhia taarifa zao zitumike kwa majaribio, basi akaunganisha projekta, akasimama mbele kwa furaha ya mtu anayeamini bidhaa yake.

"Kazi ya programu hii ni moja tu," alisema. "Kuondoa mapacha."

Nangila aliinua macho kutoka kwenye chai. "Kuondoa nani?"

"Mapacha. Rekodi mbili za mtu mmoja. Sisi ndivyo tunaziita."

"Hilo neno, Kartik, ukienda kulisema Bondo sokoni, utaondolewa wewe."

Watu wakacheka, Kartik naye akacheka. Akaandika jina la kwanza la kujaribia, akachagua la Gordon kwa sababu Gordon alikuwa mpinzani wake, naye alitaka kumshinda uso kwa uso. G. O. Owiti. Programu ikafikiri kidogo, ikaleta mtu mmoja, safi, na alama ya kijani pembeni.

Gordon akasogeza kiti karibu na ukuta, akasoma polepole.

"Kumbe leo niko Muhoroni napima miwa."

Akashusha kidole mstari mmoja.

"Na nina kisukari. Nimeanza dawa juzi. Kartik, nimekipata lini kisukari, au ni hii chai?"

Aliyekuwa anapima miwa ni ndugu yake. Gordon Opiyo Owiti na Godfrey Odongo Owiti walizaliwa siku moja, baba mmoja, mama mmoja, boma moja, na kwenye fomu zote walizojaziwa utotoni ilikuwepo simu ileile ya mama. Pacha anayetangulia ni Opiyo, anayefuata ni Odongo. Mluo haambiwi hilo, analijua kama anavyojua kwamba mvua hulowesha. Programu iliona G na G, O na O, Owiti na Owiti, siku moja, simu moja, ikaona kuna karani mahali aliyekosea tahajia. Ikawaunganisha.

"Ni ya ndugu yako hiyo," Kartik alisema kwa sauti ya chini.

"Na ndugu yangu mwenyewe amekwenda wapi?"

"Ameondolewa," Nangila alijibu.

Hapo kicheko kilipasuka, na Gordon, ambaye angeweza kuishia hapo, hakuishia. Alitoa simu, akasema ampigie mama amwambie ajikaze, wawili aliowazaa amebakiwa na mmoja. Akauliza kama atalipiwa miwa. Akauliza mke wa Odongo sasa ni wa nani. Kila swali lilileta kicheko kipya.

Seline hakucheka. Alikuwa anatazama mikono ya Kartik, iliyokuwa inachomoa waya wa projekta na kuukunja vizuri. Sokoni, mnunuzi akitukana bado biashara ipo. Akianza kukunja mfuko wake, imekwisha.

"Ondoeni swali langu," Kartik alisema. "Na jina langu pia." Akatoka kwenda barazani.

Kicheko kikakatika, maana kila mtu alijua hesabu yake. Bila sahihi ya Kartik hakuna viwanda, bila viwanda hakuna kanda, na jioni ilikuwa njiani. Seline akatangaza mapumziko ya chai, akachukua vikombe viwili, akamfuata.

Kartik alikuwa ameegemea ukuta wa baraza, akiliangalia ziwa kwa mbali lilivyofunikwa na magugumaji upande wa bandarini.

"Umekuja kunipa pole, Madam?"

"Pole sina, Kartik bhai. Nina chai."

Akaipokea. "Nimesoma na kina Opiyo na Odongo darasa moja. Wawili-wawili, kila shule niliyosoma. Mimi najua hiyo kitu. Sasa nimeisahauje?"

"Hujaisahau. Hujaiambia programu. Hata mimi kuna mengi nayajua na sijamwambia mtu."

"Usinibembeleze."

"Sibembelezi. Niambie habari ya yule mama wa Usenge. Ile uliyonieleza mwezi uliopita."

Kartik akaeleza tena, bila hamu mwanzoni. Mama huyo muuza samaki, hospitalini alijulikana kwa jina la ubatizo, Perpetua. Kliniki ya karibu na kwake aliandikwa Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kama bibi arusi aitwavyo kwa kule alikotoka. Ufukweni alikuwa Mama Fabian, basi. Kwenye kompyuta walikuwa wanawake watatu. Hospitali ilimpa dawa ya presha, kliniki nayo ikampa dawa ya presha, naye kwa utiifu akazimeza zote, mpaka akaanguka sokoni katikati ya wateja wake. Alipona. Programu ilianza siku hiyo.

"Na kwa nini hukuanza na huyo leo?" Seline aliuliza.

"Nilitaka kwanza waone inavyofanya kazi."

"Umeuza mizani kabla ya kuonyesha samaki."

Kartik akatabasamu bila kupenda.

"Sasa," Seline alisema, "utaacha nini?"

"Nimeshaacha. Nimeondoa swali."

"Hiyo si kuacha, ni kutupa. Anayeacha anabaki sokoni. Mimi naomba uache maneno manne tu: mtu mmoja, rekodi moja."

"Hayo ndiyo swali lenyewe."

"Hapana. Hilo ni jibu. Ulikuja na jibu, unalitafutia kiti. Swali ulilo nalo ni lile la Perpetua, na hujaliuliza."

Mtu aliyezoea kujenga vitu huumia akiambiwa aweke nyundo chini. Chai ikapungua. Kisha Kartik akaanza kusema kama anayepima kila neno. "Tuseme kila mfumo una majina yake, na hayatakubaliana. Hayatakubaliana kamwe, kwa sababu watu wenyewe wana majina mengi na mapacha wanafanana. Sasa hiyo mifumo itafanyaje kazi pamoja bila kumuumiza mtu, ikiwa haijakubaliana huyo mtu ni nani?"

"Hilo linajibika?"

"Sijui. Ni gumu sana."

"Vizuri. Yale mepesi hatungehitaji miaka mitano."

Gordon alikuwa chini, kwenye maegesho, ameegemea gari lake akimaliza kumsimulia mtu kwenye simu. Alipomwona Seline aliikata.

"Nyaminwa, umeona mambo ya dunia?" alisema. Humwita hivyo, dada yangu, anapokuwa amefurahi au anapotaka kitu.

"Nimeona. Umeshinda, Opiyo."

"Basi andika langu."

"Nikiandika lako, Kartik hasaini. Asiposaini, Nairobi inatuandikia sote, wewe pamoja. Utaenda na simu mkononi kuwauliza wagonjwa wako maswali ya watu wengine."

"Kosa ni lake."

"Ni lake. Na ukimvua mtu nguo sokoni, kesho hakuuzii hata kama una haki."

Gordon akaacha kutabasamu. Mzaha wake ulikuwa na mlango wa nyuma, na nyuma ya huo mlango alikaa mtu mwingine. "Wewe hujasimama pale dirishani kwangu," alisema. "Mtu anakuja na karatasi, anasema, mimi si huyu. Ninamwambia, kompyuta inasema ni wewe. Anasema, lakini mimi si huyu. Atafanya nini? Anaenda nyumbani na ugonjwa wa mtu mwingine. Ndiyo maana sitaki programu ya mtu iniingilie."

"Hilo la dirishani umeliandika wapi?"

"Liko ndani ya swali langu."

"Halimo. Swali lako linasema kila mtu aachwe alivyo. Na kwa Perpetua mliachwa mlivyo, akameza dawa mara mbili, na moja ilitoka kwenu."

Gordon alijua habari hiyo. Alitazama viatu vyake.

"Swali lako ni lile la dirishani," Seline aliendelea. "Mfumo usio na mwenyewe ukikuandika vibaya, unausahihishaje? Acha lile la kufunga milango, ulete hili. Kuna mtu Nairobi atakayeliuliza? Hakuna. Hawajasimama hapo."

"Na litakaa wapi? Nafasi ni tatu. Ya Nangila, ya Kartik, na ya..."

"Chukua yangu."

Gordon alimwangalia. Kila mtu ofisini alijua lile swali la nani anaitwa. Seline alikuwa amelitetea miaka, kwenye mikutano ambayo hata mwenyekiti alikuwa amesinzia, na lilipopita juma lile alikuwa ameonekana akitabasamu peke yake kwenye ngazi.

"Nyaminwa, hapana. Hilo lako ni zuri kuliko haya yote."

"Najua."

"Basi tupange upya, tuone kama..."

"Opiyo. Jua linashuka. Mimi nimewaambia watu wote waache kitu, na mimi bado nimebeba mzigo wangu wote. Chukua kabla sijabadilisha nia. Lakini kuna kitu nataka."

"Nimwombe msamaha."

"Hapana. Msamaha utamrudisha kwenye aibu. Ingia, umuulize mbele ya watu yule mama alipewa dawa gani, na wapi. Umuulize kama unayetaka kujua."

Lililofuata lilikuwa la kimya kuliko mwanzo. Watu waliporudi vitini, Gordon alikohoa, akasema, "Kartik, yule Perpetua wa Usenge. Kwetu alipata dawa tarehe gani? Nataka kujua kosa letu lilikuwa upande gani." Kartik alimtazama kwa shaka, akatafuta mtego, hakuuona. Akajibu. Gordon akauliza tena. Wakaanza kurushiana maneno ya kazi, huyu akisema kliniki ilituma taarifa, yule akisema ilifika lakini jina halikutambulika, na kabla ya muda mrefu walikuwa wamesimama wote wawili mbele ya ubao wakichora, Gordon akifuta kwa mkono mishale ya Kartik bila kuomba ruhusa.

Seline aliyaandika maswali mawili mapya juu ya lile la Nangila, la Kartik kwanza, la Gordon pili. Nangila alisoma, akaona jina la Seline halipo popote, akafungua mdomo. Seline akamkazia macho. Nangila akaufunga.

"Hili la kwanza ni refu mno," mtu mmoja alisema. "Tutaliitaje?"

"Tuliite swali la mapacha," Kartik alisema, mgongo ukiwa kwao, bado anachora. "Watu watakumbuka."

Hakuna aliyecheka vibaya. Sahihi zikawekwa, ya Kartik ya kwanza. Ikatumwa Nairobi jua likiwa bado juu ya maji.

Simu ya Bi. Wakhungu haikuchelewa. Seline aliipokelea barazani, mlango ukiwa wazi.

"Mmefanya kazi nzuri, Seline. Kwa kweli sikutegemea. Nina marekebisho madogo tu. Lile la tatu, la kubadilisha mfumo ukiwa unatumika, ningependa liwe la kwanza. Kanda nyingine zimeliweka la kwanza, itatusaidia kulinganisha. Na hili jina, mapacha. Siwezi kupeleka hilo mbele ya bodi."

Wengine wangekataa yote mawili, au wangekubali yote mawili. Seline aliyapima kama mtu anayegeuza kiazi kuangalia upande wa chini.

"Jina ni gumu kuliacha," alisema. "Watu huku wamelipenda."

"Naelewa, lakini..."

"Lakini kwa sababu ni wewe, badilisha. Kwenye karatasi za bodi liite mnavyoona inafaa. Mpangilio ubaki ulivyo."

"Mpangilio ndio muhimu kwangu."

"Hata kwetu. Sahihi ziliwekwa kwa mpangilio huo. Nikiugusa, lazima nirudi kwa kila mtu, na wengine wameshapanda magari. Tutapita muda wenu."

Kwenye simu zilisikika kelele za magari ya Nairobi. Bi. Wakhungu hakuwa mjinga. Alijua anauziwa. Lakini alikuwa pia amepewa kitu, na bodi yake ilingoja.

"Sawa," alisema. "Mpangilio ubaki. Ila jina sitaki kuliona."

"Hutaliona."

Alirudi ndani, akasema, "Tumebaki na maswali yetu," akaketi. Hakuna hotuba. Nangila ndiye aliyepiga makofi, mawili matatu, kisha akaona yuko peke yake akaendelea tu hivyohivyo. Baadaye, akikusanya vikombe, alimuuliza Seline kwa sauti ya chini kama lile swali lake limemuuma.

"Limeniuma," Seline alisema. "Lakini hawa wangekwenda, lingebaki hilo langu bila mtu wa kulijibu."

Alisema hivyo kama anavyosema bei, bila kupandisha wala kushusha. Kuna watu wengi wanaojua kushinda mkutano. Wanaojua kushinda na bado wakamwachia kila mtu sababu ya kurudi Jumatatu ni wachache, na hawajengewi sanamu. Wanapewa tu kikao kingine cha kusimamia.

Upande wa ubao Kartik na Gordon walikuwa wameshaanza kubishana waanzie wapi. Kartik alitaka kuanza na rekodi za hospitali. Gordon alisema huwezi kuanza utafiti wa mapacha bila pacha. Akampigia ndugu yake, akaweka simu mezani kwa sauti ya juu. Nyuma ya sauti ya Odongo trekta zilinguruma.

"Odongo, niko na watu wa kompyuta hapa. Wanataka kujua wewe ni nani."

"Waambie mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa vipi? Mimi nilitoka kwanza."

"Wewe ulitumwa kuangalia kama mahali ni pazuri. Mkubwa hutangulia wapi? Mkubwa hutuma."

Gordon alimgeukia Kartik, mikono hewani. "Unaona? Hata sisi wenyewe hatujakubaliana, na tulikaa tumbo moja."

Seline alivua kofia ya kalamu, akaisukuma kalamu mezani mpaka mbele ya Kartik.

"Andika hiyo," alisema.